Chema hakijiuzi kikiwa kabatini: Masaibu ya wachoraji wasomi wa Mombasa

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewakaa mno vichwani vijana wa Pwani wanaosomea uchoraji, hasa waliofika ngazi ya uzamili, na kwa maoni ya mwandishi huyu imewagharimu pakubwa. Mwanafunzi humaliza miaka yake akichora vielelezo vya vitabu vya watoto, akatetea tasnifu mbele ya watahini, akatundika picha zake ukutani kwa siku chache, kisha akazikunja na kuzirudisha nyumbani Kibokoni au Majengo. Huko huwekwa chini ya kitanda, zikingoja kujiuza.

Hazijiuzi.

Tatizo halianzi chuoni. Mtoto aliyelelewa katika Mji wa Kale hufunzwa mapema kwamba sifa hutolewa na watu, si mwenyewe. Anayejipigia debe huonekana kakosa haya. Ni malezi mema, na hakuna anayetaka yaachwe. Lakini yaliwekwa katika mji ambao fundi na mteja walijuana kwa majina ya baba zao. Mhariri wa kampuni ya uchapishaji jijini Nairobi, umbali wa kilomita 480 hivi, hamjui kijana wetu wala babake, na hatapanda gari kuja kumtafuta kwenye vichochoro vya Ndia Kuu.

Ajabu ni kwamba mji huu wenyewe ni maonyesho yasiyofungwa. Mlango wa nakshi hutazama njia, na kila apitaye huona kazi ya seremala kabla hajamwona mwenye nyumba. Leso ndiyo mfano bora zaidi. Ina pindo lake, mji wake na jina lake, nayo hutembezwa mabegani na viunoni kutoka Marikiti hadi Makadara bila mchoraji wake kulipa hata senti ya matangazo. Nenda Barabara ya Biashara uangalie leso za duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka wa 1887. Kwenye kitambaa utasoma maneno "Mali ya Abdulla". Mfanyabiashara huyo alielewa mapema kuliko wasomi wengi kwamba kitu kizuri kisicho na jina humnufaisha kila mtu isipokuwa aliyekitengeneza.

Je, mchoraji wa leso hiyo ni nani? Jina la mwenye mali limechapwa, methali imechapwa, lakini aliyeketi akapanga korosho na maua ndani ya pindo hajulikani. Hiyo ndiyo hali anayoirithi mwanafunzi wa uzamili anayerudi Mombasa na shahada mkononi. Anaingia katika utamaduni unaoipenda kazi ya mkono na kuusahau mkono wenyewe.

Wapo waliolitatua jambo hili zamani, nao hawakusoma popote. Ni wanawake wapakaji wa hina na piko. Kazi yao hufutika baada ya wiki mbili hivi, lakini msimu wa harusi mpakaji mzuri humpati mpaka uwe umemwahi. Bi harusi huingia ukumbini, wanawake humzunguka, mmoja humshika mkono na kuuliza, "Nani aliyekupaka?" Jina hutajwa papo hapo, na siku hizi nambari ya simu hufuata. Mpakaji huyo hana haya ya kutaja bei yake. Anajua pia ni picha gani ya mkono aitume kwa mteja anayesita, na hutuma moja au mbili, si arobaini. (Hakuna chuo kilichowahi kumwita mmoja wao aketi kwenye jopo la watahini. Pengine wangetahini vizuri.)

Suala la pili ni mahali pa kuonyeshea. Si kweli kwamba Mombasa haina pa kutundika picha. Jengo la Mahakama ya Zamani, linalosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa, limetumika kwa maonyesho. Alliance Française ina tawi kisiwani, na Swahilipot Hub, iliyoanzishwa mwaka wa 2016 karibu na Fort Jesus, huwakutanisha vijana wa sanaa na wa teknolojia. Fort Jesus yenyewe, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na kutambuliwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2011, inahifadhi michoro ya merikebu na watu iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa zamu. Watu wale hawakukusudia kuonyesha chochote kwa yeyote. Michoro yao inatazamwa leo kwa kuwa imewekwa mahali wageni wanapopita.

Ukuta wa mtaani, kwa upande mwingine, umepungua. Mwaka wa 2018 serikali ya kaunti iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji wayapake rangi nyeupe na ukingo wa buluu, na matangazo yaliyochorwa kutani yaondolewe. Mji ulipendeza, tusilikane hilo. Lakini ukuta wa duka ulikuwa ndio ukumbi wa mchoraji asiye na ukumbi. Kijana aliyechora herufi za kinyozi na samaki wa mkahawa alikuwa na watazamaji wengi kila siku kuliko maonyesho ya chuo kwa mwaka mzima.

Tukija kwenye picha zenyewe, hapa ndipo penye ugumu ambao vitabu vya masoko haviutaji. Mchoraji anayetaka kuuza haraka huchora mlango, punda, jahazi na mwanamke wa buibui anayepotelea kichochoroni. Mtalii hununua. Ila mwenyeji wa Mji wa Kale akitazama picha hizo hajioni. Anaona kadi ya posta. Zaidi ya hayo, si kila mtu anapenda sura yake ichorwe. Wapo wanaoona kuchora viumbe vyenye roho hakufai kidini, na ni sababu mojawapo sanaa ya mwambao imeegemea maua, maumbo na hati. Mwanafunzi anayeketi na daftari lake kwenye baraza ya watu bila kubisha hodi, kisha akaiweka picha ya bibi wa watu mtandaoni jioni hiyo hiyo, asishangae akifungiwa mlango kesho yake. Kuomba idhini ni sehemu ya kazi, na ruhusa ya kuchora si ruhusa ya kutangaza. Ni maombi mawili, na kila moja liwe na jibu lake.

Mwanafunzi anayefikiria hivyo huenda akagundua kwamba kazi yake bora haina sura ya mtu hata moja. Inaweza kuwa hadithi ya mtoto iliyosimuliwa kwa vyombo vya jikoni, mbuzi wa kukunia nazi, mkeka na bahari. Huo haungekuwa woga. Ungekuwa mtindo wenye kwao.

Kuhusu wanunuzi wa kudumu, yaani wachapishaji, hali imebadilika. Tangu mwaka wa 2018 serikali hununua vitabu vya kiada na kuvifikisha moja kwa moja katika shule za umma, kwa utaratibu wa kitabu kimoja kwa somo. Wanaoshinda zabuni huuza kwa wingi, wanaoshindwa hukosa, na mchoraji anayemtegemea mchapishaji mmoja hupanda na kushuka naye. Ndiyo maana ni busara kutazama nje. Mtanzania John Kilaka, aliyetokea katika mkondo wa Tingatinga, vitabu vyake vya picha vimechapishwa Ulaya na Kanada. Maonyesho ya wachoraji katika tamasha la vitabu vya watoto la Bologna, Italia, yamekuwapo tangu mwaka wa 1967, na mshiriki hutakiwa kutuma picha tano tu. Watano hao wa karatasi wana funzo kwa yule anayebeba sitini kwenye faili moja, nzuri na mbovu pamoja. Mhariri hukumbuka iliyo dhaifu.

Kuonekana mara kwa mara nako kuna uzito wake. Wasomaji wa Taifa Leo walimjua marehemu Edward Gitau kwa sababu Juha Kalulu wake aliwabishia hodi kwa miongo kadhaa. Picha moja kubwa kwa mwaka haijengi mazoea hayo.

Tatizo linalowatisha wengi ni wizi. "Nikiiweka mtandaoni itaishia kwenye fulana," husema. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara, na ni baada ya upinzani ndipo ombi hilo lilipokwama. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa mchoraji haiko mtandaoni bali mezani pake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 humpa mchoraji hakimiliki mara tu picha ikamilikapo, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti, ingawa ni ushahidi mzuri siku ya kesi. Sasa soma kifungu cha 31. Kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Yaani kijana anayekubali kazi kwa simu, kwa furaha ya kupata mteja wa kwanza, huenda ameuza haki yote kwa bei ya picha moja bila mtu yeyote kumwibia. Karatasi ya ukurasa mmoja inayosema picha itumike wapi, kwa muda gani, na jina la mchoraji liandikwe wapi, ingemwokoa.

Vyuo navyo havina pa kujificha. Vinafundisha historia ya sanaa na nadharia ya rangi, lakini ni nadra mwanafunzi kutahiniwa juu ya mkataba au barua ya kumwendea mhariri. Maonyesho ya mwisho hufanywa chuoni, barani, mbele ya watu ambao hawatanunua chochote. Jambo moja lingewezekana bila bajeti mpya wala kamati: mwanafunzi aliyechora Mji wa Kale aruhusiwe kutundika picha zake Mji wa Kale, waliochorwa wazione kwanza na kusema walilo nalo, na watahini ndio wasafiri. Treni ya kutoka Nairobi hufika Miritini kwa saa tano au sita.