Kompyuta nayo ihojiwe

Katika ofisi nyingi, za umma na za biashara, limezoeleka jibu moja ambalo mwananchi akishapewa huwa hana la kuongeza: "Mfumo ndivyo unavyosoma." Likishatamkwa, mjadala hufungwa. Karani hana kosa, mkuu wake hana kosa, na mtaalamu aliyeutengeneza mfumo hayupo. Anayeachiwa mzigo ni mtu aliyesimama dirishani, au mtumishi wa ngazi ya chini ambaye jina lake limo ndani ya mashine.

Hatari ya jibu hilo imedhihirika nchini Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilifunga katika matawi yake mfumo wa kompyuta wa kuweka hesabu ulioitwa Horizon. Matawi mengi huendeshwa na mawakala, watu wenye maduka madogo vijijini na mitaani, ambao huuza stempu, hulipa pensheni na hupokea fedha kwa niaba ya Posta. Kwa wakala aliyezoea hesabu za karatasi, fedha zilipokataa kulingana alizipekua karatasi zake mstari kwa mstari mpaka akaliona kosa. Horizon ilipoingia, daftari lilimtoka mikononi. Yeye alibonyeza vitufe tu. Hesabu zenyewe zilitunzwa mbali, na kampuni iliyoutengeneza mfumo.

Haukupita muda mrefu mapengo yakaanza kuonekana. Mashine ilisema fedha ziwe kiasi fulani, na droo ilikuwa na pungufu. Mawakala walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Posta ilishikilia kwamba kwa mujibu wa mkataba upungufu ni deni la wakala. Wapo waliomaliza akiba zao na wapo waliofilisika. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kutoa hesabu za uongo, wengi wao kwa mashtaka yaliyofunguliwa na Posta yenyewe. Wengine walifungwa gerezani. Taarifa ya uchunguzi wa umma iliyotolewa Julai 2025 ilieleza kuwa upo uwezekano wa kweli kwamba watu 13 walijiua kwa sababu ya masaibu hayo.

Kosa la mashine lilivyoweza kumgeuza mtu mdaiwa linaonekana katika tukio la tawi la Dalmellington, Scotland, mwaka 2015. Wakala alikuwa akiingiza pauni 8,000 katika hesabu za tawi. Kioo cha kompyuta kiliganda, naye akabonyeza tena na tena. Kila alipobonyeza, mfumo ulihesabu fedha mpya. Pauni 8,000 zikasomeka 32,000, na papo hapo likazuka pengo la pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo duniani.

Hata hivyo, kukosea kwa kompyuta siyo kiini cha mkasa huu. Hakuna chombo kilichotengenezwa na binadamu kisichokosea. Kiini ni namna chombo hicho kilivyosimamiwa. Posta ilikuwa mwenye daftari, ikawa mdai, ikawa mpelelezi, na ikawa mwendesha mashtaka. Wahenga walikwisha kuonya juu ya kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Zaidi ya hayo, watumishi wa Fujitsu, kampuni iliyoendesha mfumo, waliweza kuingia katika hesabu za tawi kutoka mbali, jambo ambalo Posta ililikana kwa miaka mingi. Sheria nayo iliregea. Sheria ya mwaka 1984 katika England na Wales ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kuwa kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na ikawa kompyuta husadikiwa mpaka mtuhumiwa aonyeshe ubovu wake. Muuza duka angeuonyeshaje ubovu wa mtambo ambao hana ruhusa ya kuufungua?

Haki ilichelewa. Mawakala 555, wakiongozwa na Alan Bates, waliifikisha Posta katika Mahakama Kuu, na Desemba 2019 jaji alitamka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta mapengo yale. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuwafutia hatia mamia ya waliobaki kwa pamoja.

Mkasa huo haupo mbali na Tanzania kama ramani inavyodai. Kompyuta ya kwanza nchini, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilitoka kampuni ya Kiingereza ya ICT. Mwaka 1968 ICT iliungana na nyingine kuwa ICL, na ni ICL hiyo, iliyonunuliwa baadaye na Fujitsu, ndiyo iliyoizaa Horizon. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya matatizo yaliyoikumba mitambo ya awali. Marufuku hayo yalikwisha zamani, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka yarudi. Lakini kuikimbia mashine na kuisujudia ni ndugu wawili: kote kuwili mtu hukwepa kazi ya kuielewa.

Leo mtendaji wa kijiji hukusanya ushuru kwa mashine ya mkononi, na mwalimu mkuu huingiza matumizi ya shule katika mfumo. Siku mashine itakaposema fedha zimepungua, kiongozi mwadilifu atauliza kwanza, kabla ya kuandika barua ya tuhuma: Nani mwingine aliweza kuingia katika hesabu hizi? Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha nini, na mtuhumiwa ameonyeshwa? Je, kituo kingine kimelalamika vivyo hivyo? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Inalotakiwa kufanya mahakama, mkuu wa idara hana sababu ya kushindwa kulifanya mezani pake.

Mwizi wa mali ya umma asihurumiwe. Lakini mtumishi anayeambiwa alipe ana haki ya kuliona daftari linalomdai, na mwenye daftari ana wajibu wa kulifungua.