Bustani ya maji na uongo wa "hakuna foleni"

Huku Nairobi Julai ni mwezi wa masweta na chai ya tangawizi. Kule Orlando, Florida, Julai ni mwezi wa watu kukimbilia maji. Dada yangu anaishi huko na watoto wake wawili, na mwaka huu ameniandikia barua pepe akitaka nimpangie siku moja kwenye bustani ya michezo ya maji. Hoja yake ni kwamba mimi ni mtu wa tarakilishi, na siku hizi bustani hizo zinaendeshwa kwa tarakilishi. Hajakosea. Nimekaa na swali lake wiki nzima, na jibu nililolipata linagusa mambo makubwa kuliko kuogelea, kwa hivyo naliandika hapa.

Kwa wasiozijua, bustani ya maji ni uwanja wa starehe wenye mabwawa, mawimbi ya kutengenezwa kwa mashine, mto wa kuelea polepole na mitelezo mirefu ya kushuka na maji. Orlando ndiko mchezo huu ulikoanzia. Mwaka wa 1977 George Millay, yule yule aliyeshiriki kuanzisha SeaWorld, alifungua hapo Wet 'n Wild, ambayo wengi huihesabu kuwa bustani ya kwanza ya aina yake. Ilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 2016. Miezi mitano baadaye, tarehe 25 Mei 2017, kampuni ya Universal ikafungua Volcano Bay, yenye mlima wa volkano wa kuigiza wa kimo cha mita 60 hivi.

Hapa ndipo sisi watu wa programu tunapoingia. Volcano Bay ilipofunguliwa ilijitangaza kama bustani isiyo na foleni. Kila mgeni alipewa bangili ya plastiki iitwayo TapuTapu. Unafika kwenye mtelezo, unaigusisha bangili kwenye nguzo, nafasi yako inaandikwa kwenye seva, kisha unaenda zako kuogelea. Zamu yako ikikaribia, bangili inakujulisha. Bangili hiyo hiyo ilifungua kabati la kuwekea nguo na kulipia chakula. Kwa nini usimame juani saa nzima ilhali mashine inaweza kukusimamia?

Wazo zuri, sivyo? Lakini katika wiki za mwanzo watu waliona kwenye nguzo muda wa kusubiri wa saa nyingi kwa mtelezo mmoja, na baadhi ya siku lango lilifungwa mapema kwa sababu bustani ilijaa. Wengi walilaumu teknolojia. Kwa maoni yangu bangili ilifanya kazi iliyotumwa. Kosa lilikuwa kwenye ahadi.

Tupige hesabu kidogo

Elimu ya foleni ina zaidi ya miaka 100. Mdenmark A. K. Erlang, aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha makala yake ya kwanza ya fani hii mwaka wa 1909, na mpaka leo wahandisi wa simu hupima msongamano wa mitandao kwa kipimo chenye jina lake. Mwaka wa 1961 John Little, Mmarekani, alichapisha uthibitisho wa kanuni tuliyofundishwa sote chuoni: idadi ya watu walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya watu kuingia mara muda wa kila mmoja kusubiri. Basi. Haijali kama foleni ni ya magari, ya simu, ya data au ya watoto wenye chupi za kuogelea.

Chukua mtelezo wa mtu mmoja mmoja. Mlinzi hawezi kumwachilia wa pili kabla wa kwanza hajatoka chini kwenye maji. Tuseme ni sekunde 40. Hiyo ni watu 90 kwa saa. Wakikutangulia watu 45, utasubiri nusu saa. Sasa chukua mtelezo wa boya la watu wanne, sekunde zile zile 40. Huo unapitisha watu 360 kwa saa, na watu wale wale 45 wataisha kwa dakika 7 na nusu.

Tuitazame bustani nzima. Tuseme ina mitelezo 10, kila mmoja kwa wastani unapitisha watu 300 kwa saa. Kwa siku ya saa 8 hiyo ni safari 24,000. Wakiingia watu 5,000, kila mmoja atapata safari 4.8. Nne, tano ukibahatika. Hakuna bangili, seva wala mwanaprogramu yeyote, hata awe bingwa namna gani, atakayeifanya namba hiyo iwe 10. Ili ibadilike lazima ujenge mitelezo zaidi au uingize watu wachache.

Sisi wa mitandao tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Laini ya intaneti ikiwa nyembamba, kuongeza kumbukumbu ya kuhifadhi data inayosubiri hakuipanui. Unaongeza tu muda wa data kukaa ndani. Bangili ni kumbukumbu ya kusubiria.

Kwa nini foleni isiyoonekana huwa ndefu zaidi

Foleni ya miguu ina adabu yake. Ukiiona inazunguka jengo mara mbili, unasema "potelea mbali" na kwenda kwingine. Uchovu wa kusimama ndio bei, na bei hiyo hupunguza watu. Foleni ya bangili haina uchovu. Kila mtu anajiandikisha, hata asiyeutaka sana mtelezo ule, kwa sababu hapotezi kitu. Matokeo yake foleni inarefuka na hakuna anayejitoa.

Pili, watu mia kadhaa waliokuwa wamesimama kwenye ngazi sasa wameachiliwa. Wanaenda wapi? Kwenye mto wa kuelea, kwenye mawimbi, kwenye viti, kwenye dirisha la chipsi. Foleni imehama tu, kama jirani anayefagia takataka zake mpaka mlangoni pako.

Tatu, baadhi ya walioitwa hawatafika, na nafasi tupu kwenye mtelezo ni hasara. Kwa hiyo mwendeshaji analazimika kuwaita watu wengi kidogo kuliko nafasi zilizopo, na hao wanasimama juu kwenye ngazi. Ndiyo, foleni tena.

Na kuna la nne ambalo halimo kwenye vitabu vya hesabu. Mzazi anayeiangalia bangili haangalii mtoto. Majini hilo si jambo dogo.

Na wale wanaolipa zaidi?

Disney walianza kutoa tiketi za FastPass mwaka wa 1999, na kwa miaka mingi zilikuwa bure kwa kila aliyeingia. Mwaka wa 2021 mfumo huo wa bure ukaondolewa, ukafuatwa na wa kulipia. Universal nao huuza pasi za Express. Sina ugomvi na biashara. Ila turudi kwenye mtelezo wetu wa watu 90 kwa saa. Ukiwatengea wanaolipa nusu ya nafasi, wasiolipa wamebaki na 45. Nusu saa yao imekuwa saa nzima. Pesa ile haikujenga mtelezo, imenunua dakika kutoka kwa mtoto wa mtu mwingine, na mtoto huyo hakuulizwa.

Ninachodai ni kidogo: waandike langoni. "Leo tumeingiza watu kadhaa. Sehemu fulani ya nafasi ni ya wenye pasi. Tarajia safari nne." Mifumo yao inazijua namba hizi kila dakika. Mtu aliyejinyima miezi kadhaa kununua tiketi za familia ana haki ya kuzijua kabla hajatoa pesa.

Mpango niliomtumia dada

1. Fika kabla lango halijafunguliwa. Saa ya kwanza watu ni wachache, na safari unazopata hapo ni za thamani kuliko za mchana wote.

2. Anza na mitelezo ya mtu mmoja mmoja. Hiyo ndiyo huziba kwanza. Ile ya maboya ya familia acha baadaye, kwani humeza watu wengi.

3. Pima urefu wa watoto nyumbani na usome masharti ya kila mtelezo. Mtoto kukataliwa juu kabisa ya ngazi, baada ya kusubiri, ni kilio utakachokisikia mpaka jioni.

4. Kula saa tano asubuhi, si saa saba. Wote wakiwa mezani wewe uwe majini.

5. Usitegemee alasiri. Florida wakati wa joto hupata mvua za ngurumo mchana mara kwa mara, na radi ikikaribia mitelezo na mabwawa hufungwa. Ukiweza, chagua siku ya katikati ya juma. Na baada ya mvua usikimbilie nyumbani, maana wengi huondoka na foleni hupungua.

6. Simu iache kabatini. Namba ile ya IP68 iliyo kwenye boksi hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi wala dawa ya bwawa, simu ikiwa imetulia. Haikupimwa ikiteremka mtelezo mfukoni mwa kaptura.

7. Mtu mzima mmoja awe kazini kuwatazama watoto kwa zamu ya nusu saa. Asiwe na bangili, asiwe na simu. Macho tu.

Haya yatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Mwaka jana mwenye kliniki moja aliniita nimtengenezee mfumo wa foleni kwa ujumbe mfupi. Daktari ni mmoja, wagonjwa 60 kwa siku, na kina mama hufika na watoto mgongoni kabla jua halijachomoza ili wapate namba ya mapema. Alitaka mgonjwa achukue namba kwa simu ya rununu akiwa nyumbani, benchi zibaki tupu, na mgeni akiingia aseme hapa mambo ni shwari.

Nilimuuliza daktari hutumia dakika ngapi kwa mgonjwa. Kumi na tano. Kwa saa 8 hiyo ni wagonjwa 32. Wagonjwa 28 hawatamwona daktari leo hata wapewe namba za dhahabu. Benchi tupu lingemfanya mwenye kliniki asiwaone, na asipowaona hataajiri daktari wa pili. Lile benchi lililojaa ndilo lililokuwa likimsumbua kila asubuhi.

Mfumo nilimtengenezea, lakini kwa sharti moja. Namba 32 zikiisha, ujumbe unasema wazi: leo hatutakufikia, nafasi yako ni kesho saa fulani, na kama mtoto ana homa kali au anapumua kwa shida njoo sasa hivi, usisubiri namba. Na kila Ijumaa mwenye kliniki anapokea idadi ya waliorudishwa. Mwanzoni alinuna, akasema namba hizo zinamharibia jina. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa ameajiri daktari wa pili, siku tatu kwa juma.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika msimbo, mteja akija kwenu na maneno "ondoa foleni", mwulizeni kwanza anahudumia wangapi kwa saa. Kama namba hiyo haibadiliki, foleni haiondoki, mnaificha tu. Na foleni iliyofichwa, iwe ya mtelezo au ya daktari, haina wa kuionea huruma.