Barabara Ni Moja, Wenyewe Ni Wengi

Hapa Uganda, mtu atokaye kijijini kwenda hospitali kubwa huenda akapita katika mikono ya wakuu watatu kabla hajafika. Njia ya kijiji hutunzwa na gombolola. Barabara ya changarawe hutunzwa na wilaya. Na barabara kuu ni ya Serikali Kuu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa haijui mipaka hiyo, wala mvua haijui.

Sisemi kwamba kugawana kazi ni kubaya. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 zilileta madaraka karibu na wananchi, na hilo ni jema, kwa maana mtu wa kijijini ndiye ajuaye daraja lipi limeoza. Lakini kugawana kazi ni jambo moja, na kushirikiana ni jambo jingine.

Tazameni mfano huu. Barabara kuu huinuliwa juu, na mifereji yake hukusanya maji mengi, nayo maji hayana budi kwenda mahali. Kama mhandisi wa Serikali Kuu hakuketi na mhandisi wa wilaya, maji yatamwagwa juu ya barabara ndogo, na kalvati yake nyembamba itang'olewa. Wilaya itasema, "Maji si yetu." Wenzao watasema, "Barabara hiyo si yetu." Wote wawili wasema kweli, na gari la wagonjwa limesimama. Sisi wanafunzi tumeona kalvati ya namna hii ikikaa muhula mzima imevunjika, tukivua viatu kila asubuhi ili tuvuke.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuunda shirika jipya, na wengine kwamba kazi irudi wizarani. Yote mawili yamefanywa. Shirika la barabara kuu, UNRA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 likaanza kazi mwaka 2008. Mwisho wa mwaka 2024 likavunjwa, na kazi yake ikarudi katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kubadili jina la ofisi peke yake hakuzibi shimo.

Wengine huwalaumu watu wa wilaya kuwa ni wavivu. Huenda wavivu wapo. Lakini kodi ya kichwa, ambayo wilaya zilikuwa zikitoza zenyewe, iliondolewa mwaka 2005, na sasa fedha zao nyingi hutoka Kampala zikiwa zimekwisha kupangiwa matumizi. Ukimpa mtu shamba bila jembe, usimwulize habari za mavuno.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla barabara kuu haijajengwa, wahandisi wa pande zote mbili waitembee kwa miguu pamoja na mkuu wa gombolola, waandike maji yatakwenda wapi na nani atalipa. Pili, kila mwaka, kabla ya mvua za Machi, wakague pamoja kila mahali barabara zao zinapokutana. Tatu, kila daraja na kila kalvati kubwa iwe na kibao kitajacho ofisi inayoitunza, ili mwananchi ajue mlango wa kubisha.

Nasi wananchi tusikae tukitazama. Wazee wa Buganda walikuwa na bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kutunza njia na visima. Kufukua mfereji ulioziba kwa majani ya migomba hakuhitaji mhandisi.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko pale barabara ya mmoja inapoishia na ya mwenziwe inapoanzia. Mlipa kodi ni yule yule mmoja. Wote wanaomtumikia na wakutane hapo, kabla mvua haijawatangulia.