Waandishi wa Babati, Tokeni na Vitabu Vyenu

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza imetufaa kwa mengi, lakini waandishi wetu imewaponza. Mtu anaandika riwaya kwa miaka, anakopa, anachapa nakala mia kadhaa mjini Dar es Salaam au Arusha, anazipakia basi hadi Babati, kisha anayasukuma maboksi chini ya kitanda na kungoja waulizaji. Hawaji, kwa sababu hawajui kama kitabu kipo. Mwisho wake analalamika kwamba Watanzania hawasomi. Ndugu zangu waandishi, huko ni kuwaonea wasomaji. Kizuri hujiuza kikishaonekana, na kazi ya kukionyesha ni ya mwenye nacho.

Tazameni waliotutangulia. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Wengi walikutana na mashairi yake kwanza katika Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, wakamjua kwa jina kabla hawajashika kitabu chake. Baadaye Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango, hakukaa kuwalilia wachapishaji. Alianzisha kampuni yake, Heko. Eric Shigongo naye alizitoa riwaya zake gazetini kwa mfululizo, na neno “itaendelea” likawafanya watu wanunue toleo linalofuata. Hawa walimfuata msomaji alipo, wakamwonjesha, wakamwacha na hamu.

Mtasema watu wa siku hizi hawana hamu hiyo. Basi nendeni asubuhi stendi ya Babati, msimame kando ya meza ya magazeti. Mtaona watu wazima wameinama, mikono mgongoni, wakisoma kurasa za mbele mstari kwa mstari bila kutoa hata shilingi. Hao ni wasomaji. Kinachokosekana ni kitu wanachokitaka kwa bei wanayoimudu. Tena mji wetu ni njia panda: mabasi ya Arusha, Singida na Dodoma yanapita hapa, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, safari zimeongezeka. Basi likisimama tu, vijana wananyanyua maji na karanga hadi dirishani. Abiria ana saa kadhaa mbele yake na hana cha kusoma. Kwa nini asinyanyuliwe kitabu pia?

Wapo wanaoona aibu. “Mwalimu mzima nitembeze vitabu mnadani?” Ndiyo, tembeza. Mkulima wa Magugu hausifii mchele wake gizani. Anauanika, anakuonyesha punje, anakutajia bei, na hakuna anayemdharau. Aibu ni kuuza kazi mbovu. Kwa hiyo kabla ya kutoka, mpe mhariri muswada wako, kubali akukosoe, usahihishe. Kisha omba namba ya kitabu, ile ISBN, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, na uisajili kazi yako Ofisi ya Hakimiliki, ili mwizi akikudurufu uwe na pa kusimamia.

Ukishajiandaa, anza kwa kusoma kwa sauti. Hapa Manyara, Wairaqw, Wagorowa, Warangi na Wabarbaig wote wamelelewa kwa hadithi za wazee. Masikio yao yamezoea kusimuliwa. Muombe mwalimu mkuu dakika kumi mstarini, usome ukurasa mmoja na kukomea penye utamu. Omba nafasi katika redio ya mkoa. Weka sura ya kwanza katika kundi la WhatsApp, na chini yake namba ya kulipia kwa simu. Usiogope kutoa sura moja bure. Aliyeonja ndiye anayenunua.

Angalia pia msimu. Mifuko ya wakulima wetu hujaa mbaazi zinapouzwa, na hukauka Januari ada na sare zinapodaiwa. Anayezindua kitabu Januari amejitakia hasara. Kama kitabu kizima ni ghali, kigawe vijitabu vidogo ambavyo mtu atavinunua kwa chenji ya nauli. Na usisahau kupeleka nakala maktaba, maana nakala moja ya maktaba husomwa na wengi, na kila mmoja wao ana mdomo wa kukutangazia.

Serikali imefanya sehemu yake kwa kuanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Tuzo hiyo ni heshima kubwa, lakini wanaoshinda ni wachache. Sisi tuliobaki hatuwezi kuweka kalamu chini tukisubiri zamu yetu.

Nanyi wakuu wa shule, wachungaji, masheikh na madiwani, mwandishi akibisha hodi mfungulieni. Anapoandika maisha ya Babati kwa Kiswahili safi, watoto wenu wanajiona ndani ya kitabu, na mtoto aliyejiona kitabuni hurudi kutafuta kingine. Mwandishi naye asiondoke bila kujua msomaji amependa nini na amechoshwa na nini. Hayo ndiyo yatakayonoa kitabu cha pili. Biashara matangazo, wahenga wa sokoni wamekwisha sema. Toeni maboksi chini ya vitanda wiki hii, mkaanze na stendi.