Sitara ya Mchina na Uwazi wa Mmarekani

Mabarazani mwetu Mombasa hupendwa kusemwa kwamba wageni wa ng'ambo ni wamoja: huja, huchuma, huenda zao. Mimi sikubaliani na usemi huo. Nimekaa Ukambani kwa shughuli za duka, na huko Kitui na Makueni wamepita Mmarekani na Mchina, kila mmoja na desturi zake.

Mmarekani ndiye aliyetangulia. Misheni iliyoasisiwa Philadelphia mwaka 1895 ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka huo huo. Miaka ya 1960 wakaanza kuja Kenya vijana wa Peace Corps, wengi wao walimu. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Kitui, alisomeshwa hesabu na mmoja wao. Anasimulia kuwa siku moja mwalimu huyo aliingia darasani akatamka mbele ya wote: "Jana nilikosea. Nani aliliona kosa langu akanyamaza?" Watoto wakainamisha vichwa. Kumkosoa mkubwa! Kumbe kwa mwalimu yule, kule kunyamaza ndiko kukosa adabu. Wiki iliyofuata mwenzangu akainua mkono, magoti yakimtetemeka.

Mchina alikuja kwa wingi na reli mpya, ile inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Walikaa kambini pamoja na kutembea pamoja, na mdogo hasemi mpaka mkubwa aseme. Siku moja dukani kwangu Kibwezi kijana wao alikosea kuhesabu fedha, akanipunja shilingi mia mbili. Mkubwa wake alikuwa pale pale, akaona, asiseme neno. Nikamdhania mshirika wa wizi, Mungu anisamehe. Jioni akarudi peke yake, akaweka noti mbili za mia juu ya meza, kisha akanionyesha kidole mdomoni, yaani ninyamaze. Hakutaka kijana wake afedheheke mbele ya watu.

Msomaji uliyelelewa pwani, bila shaka utamwelewa mzee huyo upesi kuliko nilivyomwelewa mimi. Tangu chuoni tumefunzwa kumsitiri mwenzetu na kumpa nasaha faraghani.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wale wasemao, "Basi Mchina ni kama sisi, Mmarekani hana haya." Aibu ya mtu ni jambo moja, na haki ya watu ni jambo jingine. Chukua bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ambalo kampuni ya Kichina ilianza kulijenga mwaka 2018. Wenye mashamba wamelalamikia fidia kwa miaka. Deni hilo si la Mchina, ni la serikali yetu wenyewe. Na sisi wenyewe ndio tunaolifunika: usimwaibishe mheshimiwa mbele ya wageni, subiri, kaongee naye pembeni. Ameongewa pembeni mara ngapi?

Kwa shilingi zangu mia mbili, njia ya yule mzee ilinitosha, na mpaka leo namheshimu. Kwa shamba la mtu, nataka mwenyewe asimame barazani mchana, mbele ya chifu na wahandisi, ataje ekari zake, aulize pesa ziko wapi.