«Mzee hayupo, rudi kesho»: nani anaandaliwa kuongoza biashara zetu?

Kila mtu aliyewahi kununua bidhaa kwa jumla Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia analijua jibu hili. Unafika kwenye depo, unauliza bei ya mifuko hamsini ya saruji, kijana wa dukani anakutazama na kusema: «Mzee hayupo, rudi kesho.» Saruji iko nyuma yake, unaiona. Kijana mwenyewe amesoma, pengine ana lisanse ya biashara. Lakini bei ya jumla iko kichwani mwa mzee, ufunguo wa sanduku la pesa uko mfukoni mwake, na daftari la madeni liko nyumbani kwake, chini ya mto.

Kisha siku moja mzee harudi kabisa. Duka linafungwa kwa ajili ya kilio. Mwezi mmoja baadaye linafunguliwa nusu. Miezi sita baadaye jengo limepangishwa kwa mtu mwingine, na wale vijana wanne waliokuwa wanauza pale wanazunguka muji wakitafuta kazi. Hapa kwetu mashariki tumezoea jambo hilo mpaka hatushangai tena.

Tunapozungumzia wakubwa wa biashara wa kesho, tunafikiria kwanza mtaji. Ni kweli mtaji unakosekana, na benki zinaomba dhamana ambayo kijana hana. Lakini hata pale ambapo mtaji upo tayari, umejaa depo mpaka kwenye dari, mara nyingi hakuna aliyeandaliwa kuuendesha. Hilo linanisumbua zaidi, kwa sababu dawa yake haitoki Kinshasa wala kwa wafadhili. Iko kwa wenye maduka.

Wengine watasema dawa ipo: semina. Kweli tumekuwa inchi ya semina. Ukumbi wa hoteli, bango ukutani, projekta, siku tatu za mafunzo juu ya uongozi na ujasiriamali, pesa ya usafiri, picha ya pamoja, breveti. Kwa kazi yangu nimeandika habari za mikutano mingi ya aina hiyo. Sizidharau zote: kijana anayejifunza kutofautisha mapato na faida amepata kitu cha maana, kwa sababu maduka mengi hufa pale pale, mwenyewe akikula mtaji huku akidhani anakula faida. Lakini uongozi? Kwa siku tatu kijana anaambiwa kwamba kiongozi ni mtu mwenye maono, anayesikiliza, anayethubutu. Anaandika kwenye daftari. Hakuna anayemwomba aamue jambo ambalo, akikosea, litamgharimu mtu pesa. Jumatatu anarudi dukani na breveti yake, na mteja akifika anamwambia mzee hayupo.

Inchi hii ilishalipia somo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapita mikononi mwa raia wa Zaire. Wazo lenyewe lilikuwa na haki ndani yake: miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, biashara nyingi ilikuwa bado mikononi mwa wageni. Huku Kivu, mashamba ya kahawa na chai na maduka ya Wagiriki na Wahindi yalipata wenyewe wapya, wengi wao watu wa chama na wa siasa. Walipewa funguo. Walikuta rafu zimejaa, wakauza, wakala, na rafu zilipobaki tupu hawakujua bidhaa zinaagizwa wapi, kwa mkopo wa nani, kwa njia gani. Kufikia mwaka wa 1976 serikali ilikuwa inawaita wenyewe wa zamani warudie mali yao. Wengi hawakurudi.

Mara nyingi tunasimulia habari hiyo kama habari ya ulafi. Ulafi ulikuwepo, hakuna anayebisha. Lakini hata mtu mwaminifu aliyepewa duka siku ile angepata shida, kwa sababu biashara ni zaidi ya ufunguo na bidhaa. Ni kujua nani analipa kwa wakati na nani anachelewesha, ni msafirishaji gani anapoteza mizigo njiani, ni mwezi gani usiagize kitu. Mambo hayo hayakabidhiwi kwa tangazo la redio. Mtu anayapata kwa kukaa karibu na anayeamua, halafu kuanza kuamua mwenyewe kidogo kidogo.

Butembo inatuonyesha upande mwingine. Muji ule umekuwa kituo kikubwa cha bidhaa za Dubai na China zinazopita Mombasa na Kampala na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Wengi wa wafanyabiashara wake walianza enzi za Zaire na mboga, maharage, kahawa ao dhahabu, na hawakusoma shule ya biashara. Kilichowakuza ni utaratibu wa jamaa na wa imani kati yao: kijana anaingia dukani kama mbebaji, anakuwa muuzaji, halafu siku moja anapewa mzigo mdogo kwa deni aende kuuza mwenyewe. Akirudisha deni, anapewa mzigo mkubwa zaidi. Akiupoteza, jamaa nzima inajua, na neno lake linashuka bei. Hiyo ni shule, na karo yake ni jina la mtu.

Wafanyabiashara wale walijifunza pia kusimama mbele ya watu. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu mwaka wa 1966 mpaka alipopelekwa Bukavu mwaka wa 1997, aliwahimiza raia na wafanyabiashara kutengeneza wenyewe barabara ambazo Leta ilikuwa imeziacha. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianza pale mwaka wa 1989. Mtu aliyechanga kwa ajili ya barabara anataka hesabu ya mchango wake, na aliyeshika mchango analazimika kueleza. Hakuna semina inayofundisha hilo kuliko kusimama mwenyewe na kusoma hesabu mbele ya watu waliochanga.

Hata hivyo utaratibu wa Butembo una ukuta wake. Imani inaishia kwenye ukoo, kanisa ao kabila. Kijana hodari asiye wa jamaa anabaki mbebaji miaka kumi. Na ndani ya jamaa yenyewe, anayepewa mzigo wa kwanza ni kijana mwanaume, hata kama dada yake ndiye anayejua hesabu.

Nisimame hapo kidogo kwa habari ya dada. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya mkataba. Mambo hayo yalibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Sheria ilibadilika, lakini desturi ya dukani imechelewa. Angalia mpaka wa Goma na Gisenyi: wamama ndio wanaovuka kila siku na nyanya, samaki, unga na nguo, wanahesabu pesa za inchi mbili na dola juu yake, wanaendesha likelemba ya watu ishirini bila karatasi na bila kesi mahakamani. Mama anayeshika likelemba anajua kuchagua watu, kupanga zamu, kumkemea anayechelewa bila kuvunja kikundi. Hiyo ndiyo kazi ya mkubwa wa kampuni. Lakini duka la jamaa likitafuta mwenye kulisimamia, wanaita mtoto mwanaume aliyeko Kampala.

Kuna mahali pengine ambapo vijana wetu wanajifunza kuongoza, na hatupazungumzii vya kutosha: ushirika wa kahawa kando ya ziwa Kivu, Kalehe na Idjwi. Sheria ya OHADA juu ya ushirika, iliyopitishwa Lomé mwaka wa 2010, inataka mkutano mkuu wa wanachama na viongozi wa kuchaguliwa. Maana yake kwenye kituo cha kuosha kahawa ni hii: kijana mwenye kushika mizani na daftari anapaswa kueleza, mbele ya wazee wa umri wa baba yake, kwa nini kilo imelipwa bei hii na si ile ya mwaka jana. Wazee wanamuuliza. Wakati mwingine wanamuuliza kwa ukali. Kijana aliyepita pale misimu mitatu, mimi ningemwajiri kabla ya mwenye breveti kumi.

Na biashara za mtu mmoja, zile za depo? Hapa sheria inasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Kongo imeingia katika OHADA mwaka wa 2012, na tangu hapo mtu mmoja anaweza kuunda kampuni peke yake kupitia Guichet Unique. Wengi bado wanafanya kazi kwa jina lao wenyewe, kwa hofu ya kodi na ya usumbufu, na hofu hiyo siilaumu. Tunajua idadi ya watu wa Leta wanaopita dukani kwa wiki. Lakini fikiria kinachotokea mwenyewe akifariki. Kulingana na sheria ya jamaa, watoto wanarithi robo tatu ya mali, na robo inayobaki inaenda kwa mjane ao mume aliyebaki, kwa wazazi na kwa ndugu wa marehemu. Ni haki yao. Ila kama duka ni mali ya mtu na si kampuni, kinachogawanywa ni mabati yenyewe, sukari yenyewe, gari lenyewe. Kama ni kampuni, wanaogawana wanagawana hisa, na duka linafungua Jumatatu. Linafungua, lakini kwa sharti moja: awepo mtu anayejua kuliendesha.

Vita vya mwaka wa 2025 vilitupa mtihani huo bila kungoja kifo cha mtu. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na kuna wenye mali waliojikuta upande mmoja na depo zao upande mwingine. Simu ikipigwa, swali lilikuwa moja: nani pale anaweza kuamua? Auze kwa bei gani, amdai nani, amlipe nani kwanza wakati pesa haipatikani? Katika hali ile, mfanyakazi aliyezoea kuagizwa tu hakuwa na la kufanya ila kufunga mlango na kungoja.

Wazee watanijibu, na najua jibu lao kwa sababu nimelisikia mara nyingi: «Mwanangu, ukimwachia kijana wa siku hizi sanduku la pesa, kesho utasikia yuko Kampala.» Sitawaambia kwamba wizi haupo. Upo, na aliyeibiwa na mtu aliyemlea ana haki ya kuogopa. Lakini tutazame vizuri pale wizi unapotokea kwa urahisi: ni kwenye duka lisilo na daftari, ambapo bidhaa hazihesabiwi, ambapo bei inabadilika kwa mdomo wa mzee. Kijana anaiba mifuko mitano kwa mwezi na hakuna anayejua, kwa sababu hata mzee hajui alikuwa na mifuko mingapi. Hesabu ya bidhaa kila mwisho wa mwezi, pesa kuhesabiwa kila jioni na watu wawili, madeni kuandikwa kwa jina na tarehe: mambo hayo yanamlinda mzee, na yanamlinda pia kijana asije kusingiziwa. Juu ya msingi huo mtu anaweza kuanza kuachia. Mwezi wa kwanza kijana apange bei ya rejareja. Baadaye aruhusiwe kutoa deni mpaka kiasi fulani, na deni lisipolipwa yeye ndiye wa kwenda kulidai. Mwaka wa pili aandike oda, mzee aisome kabla haijatumwa. Atakosea. Heri akosee kwa mifuko ishirini mzee akiwa hai kuliko kukosea kwa kontena nzima siku ya arobaini.

Vyuo vyetu navyo vina deni. Mwanafunzi wa biashara, Goma ao Bukavu, anafanya staji yake akipanga karatasi na kwenda kununua maji ya wakubwa, halafu anaandika ripoti ya kurasa arobaini juu ya kampuni ambayo hajawahi kuona hesabu yake. Mwalimu anasahihisha makosa ya Kifaransa. Ripoti moja ya kurasa sita, juu ya uamuzi mmoja ambao mwanafunzi aliachiwa kuufanya na kilichotokea baadaye, ingemfundisha zaidi. Lakini ili ripoti hiyo iandikwe, lazima mwenye depo akubali kumwachia uamuzi huo.

Barua za kuomba staji zinaanza kuzunguka kila mwaka masomo yanapokaribia kuisha. Nyingi zinaishia mezani kwa karani, na jibu linakuwa lile lile la saruji: mzee hayupo. Mzee, kama uko na unasoma haya, omba karani akuletee moja.