Anayeosha Vyombo Naye Yuko Likizo

Ukitaka kuiona Dar es Salaam iliyotulia, kaa mjini wiki ya Krismasi. Barabara ya Morogoro inapitika. Konda wa daladala anakuomba upande, tena kwa upole. Wenye mji wao wako Stendi ya Mbezi Luis na mabegi, mifuko ya mchele na ndoo za mafuta ya kula, safari za Moshi, Mbeya, Bukoba, Songea. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, msafara huo hauna mchana wala usiku. Wanaobaki huulizwa swali lilelile na kila wanayekutana naye, "Hamkwenda nyumbani?", na kwa namna linavyoulizwa unajua umeshahukumiwa: ama umefulia, ama umegombana na wakwe.

Nawaandikia hao waliobaki, ambao likizo yao itapita katika nyumba ileile wanayoamkia kila siku kwenda kazini. Wanaosafiri nao wana neno lao, nitawafikia.

Desemba iliyopita sisi tulibaki Kimara. Mama mkwe wangu alikuwa na kliniki ya macho mjini, na tarehe yake iliangukia katikati ya Krismasi na mwaka mpya. Kwa hiyo badala ya sisi kupanda kwenda Marangu, Marangu ilitushukia. Wiki hiyohiyo dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa anakwenda kwao Iringa, likizo aliyoahidiwa tangu katikati ya mwaka, na hakuna aliyethubutu kumwomba aisogeze mbele. Shule zimefungwa, watoto wote wako ndani. Mgeni wa heshima, watoto wanaofungua friji kila baada ya dakika kumi, na msaidizi hayupo. Mwanamke yeyote akisikia hayo ameshajua nani atakayesimama jikoni mpaka Januari.

Haikuwa hivyo, wala si kwa sababu mtu fulani alibadilika ghafla akawa mwema. Kazi zilikuwa nyingi mno kumwangukia mmoja, zikagawanyika zenyewe, na nyingine zikaachwa. Nguo hazikupigwa pasi. Tulipika mara moja kwa siku, sufuria kubwa, na asubuhi yake ni chai na kiporo cha pilau, chakula ambacho sijui nani alituambia si cha kumpa mgeni. Baba watoto alidamkia Mahakama ya Ndizi pale Mabibo kutafuta ndizi za mtori, akarudi na mkungu begani pamoja na umbea wa soko zima. Mama mkwe tulimwekea kiti sebuleni aangalie televisheni, akakikataa. Alitandika mkeka uani chini ya mwembe, akachukua kisu, akamwita mjukuu wake wa kiume: njoo ukae hapa, umenye.

Tunayo methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, na sisi mara nyingi huitumia kumsimanga mgeni asiyetaka kuondoka. Kwa mama yule niliona jembe lenyewe likimpa raha. Mgeni anayekalishwa tu kwenye kochi wiki nzima anachoka, na anayemhudumia anachoka zaidi yake.

Basi mchana mmoja, kwenye saa nane, nikajikuta sina la kufanya. Nilizunguka nyumba nikitafuta kazi, kwa mazoea tu, nikaikosa. Nikajilaza mkekani niwasikilize, usingizi ukanichukua. Nilipoamka kivuli cha mwembe kilikuwa kimenihama, vyombo vimeoshwa (si vizuri sana, ukoko ulikuwa bado umeng'ang'ania chini ya sufuria), na hakuna aliyekuwa ameniita "mama" hata mara moja. Nimewahi kulala hoteli nzuri Bagamoyo kwa ajili ya semina, kitanda kipana, shuka nyeupe. Usingizi wa aina ile sikuupata kule, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimebaki Kimara kikihesabu gesi, umeme na sare za shule. Mchana ule kichwa nacho kilikuwa mkekani.

Watoto nao walipata chao, ingawa siwafichi kwamba mwanzoni walinung'unika sana. Hakuna ufukweni, hakuna bembea, intaneti imeisha. Kuchoshwa na kukaa bure kuliwasukuma kwa bibi yao, na kwa bibi kukawa na mambo. Aliwaeleza habari za mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kwa mikono mlimani Kilimanjaro kuleta maji ya mtoni mpaka kwenye vihamba: jinsi maji yanavyokwenda kwa zamu, jinsi watu wanavyotoka pamoja kuuzibua mfereji ukiziba, na ugomvi unaozuka mtu akifungulia maji isiyo saa yake. Kijana wangu, ambaye kwa kawaida hunijibu kwa neno moja, aliuliza maswali mpaka ndizi zikaisha kumenywa. Tungekuwa na ratiba ya kutembeza watoto mjini, yale mazungumzo yasingepata nafasi.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila nyumba yenye likizo Desemba hii: kabla hamjauliza mtakwenda wapi, ulizaneni nani ndani ya nyumba hii hajapumzika mwaka mzima. Jina litakalotajwa mnalijua. Mara nyingi ni mama. Katika nyumba nyingi ni binti mwingine kabisa, ambaye hata kikaoni hajaitwa.

Nyinyi mnaoishi na wasaidizi wa nyumbani, wapeni likizo yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haimbagui anayefanya kazi jikoni kwako na anayefanya kazi benki. Mwajiriwa anastahili mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo yenye malipo, na akifanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa, saa hizo hulipwa mara mbili. Hesabuni wenyewe za msimu huu: 9 Desemba, 25 na 26 Desemba, 1 Januari, 12 Januari. Dada anayekaanga vitunguu vya pilau yenu ya Krismasi kwa mshahara uleule amewakopesha, na deni hilo hakuna anayelikumbuka Januari. Najua wapo watakaosema, "Lakini huyu ni kama mtoto wetu." Vizuri. Basi na aende kwao akamwone mama yake kama watoto wengine, nauli mfukoni.

Wakubwa wa kazi, ujumbe wenu wa WhatsApp unaoanza na "samahani kwa usumbufu, najua uko likizo" unasumbua palepale unapoomba samahani. Usitume. Kama ofisi inaanguka kwa kumkosa mtu mmoja wiki moja, hilo ni tatizo la ofisi, na kumkatizia likizo si dawa yake. Wenyeviti wa kamati za harusi nao, kwa heshima zote: vikao vya michango visimame walau kuanzia mkesha wa Krismasi hadi mwaka mpya. Bwana harusi wa Februari hatakimbia.

Wanaume wenzake baba watoto nitawaambia moja tu, maana nimeliona kwa macho. Kumwambia mkeo "leo pumzika", kisha ukakaa kochini kusubiri chakula, hakumpumzishi mtu. Kupumzika kwake kunaanzia kwako, kapu mkononi, asubuhi na mapema.

Nanyi mnaopanda mabasi, neno langu ni hilohilo, limebebwa tu mpaka mlimani. Wako wanawake wanaosafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar hadi Kilimanjaro ili wakakae kwenye moshi wa kuni tangu alfajiri, huku waume zao wakizunguka na wenzao ambao hawajaonana nao tangu Desemba nyingine, kibuyu cha mbege kikipokezanwa. Yule mkwe aliyetoka mjini naye alikuwa kazini mwaka mzima. Mbuzi anachinjwa na wanaume. Na wamenye ndizi pia. Mikono ile haipotezi kitu.

Likizo ya nyumbani pia ina majirani. Wakati sisi tunalala mchana, muuguzi wa nyumba ya tatu yuko zamu ya usiku, dereva wa basi yuko njiani, fundi wa umeme anasubiri simu ya hitilafu. Ukijua jirani yako anatoka zamu asubuhi, punguza spika. Wachukue watoto wake washinde na wako. Ukifunika sahani mbili za pilau, moja iende kwake. Atakapoamka saa kumi jioni akiwa na njaa, hatakuwa na haja ya kuwasha jiko.

Sikukuu zenyewe bado, na huu ndio wakati wa kuelewana, kabla tiketi hazijakatwa na kabla wageni hawajapiga simu kusema wako njiani. Kaeni kikao, watoto wakiwemo. Chukueni karatasi, muibandike kwenye friji: nani anakwenda sokoni, nani anaosha vyombo vya usiku wa mkesha, dada anaondoka tarehe ngapi, na kazi gani haitafanywa kabisa mwaka huu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, itakula nusu ya kikao. Kwetu tumeshakubaliana kuhusu pasi. Mapazia bado tunabishana.